Watoto wanataka kuogelea na pomboo Mtwara, je inawezekana?

Swali lenyewe nimelifupisha hivi: "Shikamoo mtaalamu. Niko Dodoma, mume wangu kwao Mtwara, Desemba tunashuka familia nzima, watoto watatu wa miaka 13, 9 na 5 pamoja na mama mkwe. Watoto wameona video watu wanaogelea na pomboo wamewashika mapezi wanavutwa, tangu siku hiyo hawanipi usingizi. Shemeji kaongea na jamaa mwenye boti, anasema atatupeleka upande wa Msimbati na pomboo ni uhakika, tukiwaona tunaruka nao majini. Je ni kweli, na ni salama? Yule mdogo hajui kuogelea kabisa."

Marahaba binti yangu, na karibuni sana nyumbani. Swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu ndani yake kuna mambo matatu umeyafunga kamba moja, kuna pomboo, kuna kuogelea na kuna boti. Mimi nakuomba uyafungue. Pomboo muwaone mkiwa mmekaa ndani ya boti, halafu kuogelea muogelee ufukweni baadaye, pomboo wakiwa wameenda zao. Mkifanya hivo hiyo siku watoto wataisimulia mpaka wakue, mkiyachanganya ndo hapo naanza kuletewa habari ambazo sipendi kuzisikia.

Tuanze na huyo jamaa wa uhakika. Pomboo huku wapo, tena wapo wengi tu, lakini mimi nimekaa na hii bahari zaidi ya miaka ishirini kwa kazi na bado kuna siku natoka saa kumi na mbili asubuhi narudi saa saba mchana sijaona hata pezi moja, na kuna siku nyingine nimekaa tu gatini nakunywa chai wanapita mbele yangu. Hakuna mtu anayewamiliki wala anayejua kesho wataamkia wapi. Sasa mtu akikuahidi uhakika ujue huo uhakika anautoa kwenye injini, yaani akiwaona kule mbali atawafukuza mpaka awafikie, atawakata mbele, atawaambia watoto wako rukeni rukeni sasa hivi kabla hawajapita, na hapo mtoto anaruka kwenye maji ya kina asichokijua, propela iko nyuma inazunguka na mkondo unavuta. Huo ndo mchezo wenyewe unavyokuaga, na nakwambia wazi huyo msimchukue, hata kama bei yake nzuri.

Kwa nini pomboo wanapenda huku kwetu? Kuna mkondo mkubwa wa bahari unatoka mashariki kule, unapita kaskazini mwa Madagaska, unakuja kugonga pwani ya Afrika maeneo haya haya ya mpakani na Msumbiji kisha unagawanyika, mmoja unapanda kaskazini mwingine unashuka kusini. Ongezea mto Ruvuma unaomwaga maji yake hapo, mikoko, majani ya baharini, matumbawe, basi samaki wanapata chakula na pomboo wanawafuata samaki. Ndo maana mwaka 2000 serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kilomita za mraba 650, na Msimbati yenyewe iko ndani ya hifadhi. Hilo ulishike maana lina taratibu zake, nitarudi kwake.

Watu wengi wanasema pomboo kama vile ni mnyama mmoja. Huku utawakuta zaidi aina tatu. Kuna hawa wa kijivu wenye pua kama chupa, ndo wanaofahamika, mkubwa wao anafika mita mbili na nusu hivi na uzito kilo mia mbili na zaidi. Kuna wale wembamba wenye mdomo mrefu, wanaoruka juu na kujizungusha kama pia, hao watoto wakiwaona watapiga kelele mpaka mama mkwe ashtuke. Halafu kuna pomboo wenye nundu, hawa nawaonea huruma sana, wanakaa karibu na nchi kwenye maji mafupi maeneo ya mikoko, yaani wanaishi pale pale nyavu zetu zilipo na boti zetu zinapopita, wana aibu, wakisikia injini wanazama wanaibukia mbali, na kidunia wameshawekwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Mkibahatika kuwaona hao zimeni injini mkae kimya, msijaribu hata kusogea.

Sasa twende kwenye kuruka nao majini, kwa nini nakataa. Wale wanaojizungusha wanawinda usiku, kule nje kwenye kina kirefu, ikifika asubuhi wanaingia kwenye maji yaliyotulia karibu na nchi kupumzika. Na pomboo halali kama sisi, akilala akazima kabisa atasahau kuvuta pumzi afe, kwa hiyo anapumzisha nusu ya ubongo nusu nyingine inaendelea kuangalia na kumkumbusha kupanda juu kuvuta hewa. Ukiwaona wanaenda taratibu, wamebanana, wanapanda na kushuka pamoja, usifikiri wanakusubiri wewe, hapo wamelala. Na saa hiyo hiyo ya asubuhi ndo watalii wanatoka na boti! Yaani ni kama mlinzi karudi lindo asubuhi anajilaza, watu wanaingia chumbani kwake kila baada ya dakika kumi wanataka kupiga naye picha. Siku moja atavumilia, akifanyiwa kila siku ataumwa au atahama. Hawaii, ambako hii biashara ni kubwa kweli kweli, mwaka 2021 serikali ya Marekani ilipiga marufuku kuogelea na hawa pomboo wa kuzunguka au kuwasogelea chini ya kama mita 45, kwa sababu hiyo hiyo ya usingizi.

Tusiende mbali, tuna Kizimkazi hapo Unguja. Zamani pomboo wa pale walikuwa wanavuliwa, nyama yake inatumika kama chambo cha papa, kisha kwenye miaka ya tisini utalii ukaingia na wavuvi wakaona pomboo hai analipa kuliko pomboo chambo, na hilo ni jambo la kushukuru, silipingi. Lakini boti zikawa nyingi, watafiti wakakaa wakawaangalia, wakakuta boti za watalii zikiwepo pomboo wanapunguza kula, wanapunguza kupumzika, wanapunguza kucheza wao kwa wao, wanabaki kusafiri tu huku na huku. Maana yake wanakimbia, na kukimbia kunakula nguvu, na mwenye mtoto ndo anaumia zaidi. Pomboo anabeba mimba mwaka mzima, anazaa mmoja tu, anamnyonyesha miaka miwili au zaidi, na kunyonya kwenyewe ni mpaka mama atulie. Mtwara bado hatujafika kwenye hali ya Kizimkazi kwa sababu wageni ni wachache, ndo maana najibu kwa urefu hivi, mimi ningependa tuanze vizuri sasa hivi kabla hatujaharibu.

Na upande wenu nyie binadamu. Ule uso wa pomboo unaoonekana anatabasamu ni umbo la taya tu, akiwa na hasira uso ni ule ule, akiwa anaumwa uso ni ule ule. Huyu ni mnyama wa mwituni mwenye meno na kilo mia mbili, mkia wake ukimpata mtoto wa miaka tisa sitaki hata kufikiria. Brazili mwaka 1994 pomboo mmoja aliyezoeana na watu, baada ya kusumbuliwa sana na waogaji, alimpiga mtu mmoja akafa. Ni nadra, sikutishi, lakini ilitokea. Pia wanaweza kutuambukiza magonjwa na sisi kuwaambukiza wao, hasa ya kupumua, kwa hiyo kumshika pezi hapana hata akijileta.

Halafu ile video. Iangalie tena vizuri na watoto, utaona maji ya bluu yasiyo na wimbi, pembeni ukuta wa zege, na mtu mwenye filimbi na ndoo ya samaki. Hao ni pomboo wa kufugwa kwenye bwawa, wanalipwa samaki ili wavute watu. Baharini hakuna kitu kama hicho. Waambie kabla hamjasafiri, maana mtoto akija na picha ya kushika pezi kichwani ataona pomboo ishirini wanaruka na bado atanuna.

Haya, sasa mfanyeje. Hapa ndo nataka usome taratibu.

Cha kwanza msiangalie kalenda ya likizo peke yake, angalieni mwezi. Huku kwetu siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanajaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na saa nne asubuhi yamekupwa yako mbali huko, mtatembea na mama mkwe juu ya miamba na matope mpaka ilipo boti, na mkondo siku hizo ni mkali. Siku za maji mafu, kwenye tarehe saba nane na ishirini na mbili ishirini na tatu za mwezi mwandamo, maji yanajaa kama saa nne asubuhi, yanapanda kidogo yanashuka kidogo, mkondo mpole. Kwa familia chagueni maji mafu. Muulize mzee yeyote wa Mikindani au Msangamkuu tarehe ya mwezi, atakujibu bila kuangalia simu.

Desemba kusi, ule upepo wa kutoka kusini, imeshaisha, kaskazi, wa kutoka kaskazini, inaanza, bahari si mbaya, ila mvua nazo ndo zinaanza kwa huku kusini na Ruvuma ukileta maji ya tope upande ule wa mdomo wa mto hamtaona kitu chini. Tokeni mapema, saa kumi na mbili na nusu muwe majini, kwenye saa nne tano upepo ukianza kupiga muwe mmesharudi. (Nyangumi mtakuwa mmewakosa, wao wanapita Julai mpaka Oktoba hivi na watoto wao, ila huo mwanzo wake ni msimu wa kusi na bahari inachafuka, kwa mtoto wa miaka mitano sishauri.)

Msimbati kutoka mjini ni kama kilomita 40, kwa gari, ufukwe wa Ruvula uko huko huko. Kwa kuwa ni hifadhi kuna kiingilio, raia tunalipa kidogo kuliko wageni wa nje, mnapewa kontrol namba mnalipia. Piteni ofisi ya hifadhi kabla, waulizeni wao ni nahodha gani wanamjua, hawa watu wanajua nani anaendesha kistaarabu na nani anakimbiza wanyama. Mwenye boti anayekwambia hifadhini tunaingia tu hakuna shida, muage.

Boti sasa. Hapa naongea kama mtu yaliyomkuta. Miaka ya nyuma nilipanda boti ya faiba ya mtu ninayemfahamu, safari fupi tu ya kutoka mjini kuzunguka upande wa Msangamkuu, bahari shwari, tukaona mambo rahisi. Injini ikazima. Hakuna kasia, hakuna nanga, kamba yenyewe mita tano, laifujaketi mbili na sisi watu saba, na maji yalikuwa yanakupwa kwa hiyo tunatolewa nje pole pole huku nchi tunaiona. Vijana wa ngalawa waliokuwa wanarudi kuvua ndo walitufunga kamba wakatuvuta, tangu siku hiyo mimi sipandi boti sijaikagua, na sioni aibu kukagua mbele ya mwenyewe. Kwa hiyo shemeji aende jioni ya kabla yake aione boti kwa macho yake. Iwe imesajiliwa TASAC, wale wasimamizi wa vyombo vya majini, iwe na laifujaketi kwa kila mtu pamoja na ya saizi ya mtoto wa miaka mitano, maana ya mkubwa ukimvalisha mdogo akiangukia majini inapanda inampita kichwani. Iwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu ikiwezekana. Nanga na kamba ndefu, kasia mbili, mafuta ya kwenda na kurudi na ya ziada, simu yenye chaji kwenye mfuko wa plastiki. Na nahodha asiwe peke yake, awe na msaidizi. Laifujaketi zivaliwe kabla ya kupanda zivuliwe baada ya kushuka, na wewe na baba yao muwe wa kwanza kuvaa, mtoto hawezi kuvaa kitu ambacho baba yake amekikalia.

Kabla hamjaanza safari mwambieni nahodha masharti mapema, tena kwa heshima, mkiwa bado nchi kavu: mzee, sisi hatutaki kuruka na hatutaki kukimbiza, tunataka kuangalia. Wengi watafurahi maana mafuta yanapona. Mkiwaona pomboo boti iende sambamba nao kwa ubavuni, mwendo mdogo, umbali wa kama mita 50, isiwajie kwa mbele wala isipite katikati yao. Baada ya hapo injini iwekwe huru, mkae. Hapo ndo uamuzi unakuwa wa kwao, wakitaka watakuja wenyewe, na wakija kucheza mbele ya boti inayotembea nahodha ashike mwendo ule ule na njia ile ile, asiongeze asikate kona. Nusu saa inatosha kisha muondoke. Mkikuta boti nyingine mbili tayari zipo, subirini mbali au mtafute wengine. Mkiona wanapiga maji kwa mkia, wanabadilisha njia kila mara, wanazama muda mrefu wanaibukia upande wa pili, wameshasema hapana, rudini nyuma. Mkiona mdogo kaganda ubavuni kwa mama yake ongezeni umbali bila kuuliza mtu.

Nikwambie kitu kizuri ambacho watoto wengi hawakitegemei. Injini ikizimwa kabisa na watu wakanyamaza, unasikia pomboo anavyopumua, ile pfuuu, pua yake iko juu ya kichwa. Mtoto akisikia hivo mara ya kwanza anageuka anakuangalia wewe. Mpe yule wa miaka 13 kazi ya kuhesabu, wa tisa kazi ya kuangalia saa wamezama dakika ngapi, yule mdogo akae mapajani kwa mtu mzima muda wote, asisimame ukingoni hata kidogo.

Kuogelea mkishafika ufukweni. Ruvula mchanga mweupe na maji masafi lakini msifuate watu wanakojitosa tu, ulizeni wenyeji mkondo unapita wapi, na muogelee maji yakiwa yanajaa au yametulia, siyo yanapokupwa kwa kasi. Tyubu za gari naomba ziacheni nyumbani, najua ndo tumekulia nazo, ila upepo wa kutoka nchi kavu ukiipiga tyubu yenye mtoto inaenda nje haraka kuliko baba anavyoogelea. Yule mdogo acheze maji ya magoti na mtu mzima mmoja awe umbali wa kunyoosha mkono amshike, na huyo mtu kazi yake iwe hiyo tu, hashiki simu, hachomi samaki, mpeane zamu. Wekeni pembeni dumu tupu la lita 20 limefungwa kifuniko kikakaza na kamba kwenye mpini wake, mtu akizidiwa mnamrushia dumu, msimrukie, tumeshazika watu waliorukia kuokoa.

Miguuni wavae raba za plastiki au viatu vya maji, kuna wale viumbe wa mviringo wenye miba mirefu myeusi kwenye miamba, na kwenye mchanga watembee kwa kuburuza miguu ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, akimbie kabla hajakanyagwa. Yavuyavu, yule mlaini kama jeli anayewasha, akimgusa mtoto suuzeni kwa maji ya bahari, msisugue na mchanga. Taa au samaki wa mwiba akimchoma mtu, mguu uingizwe kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia kisha hospitali. Jua la huku Desemba linakaa utosini, mashati ya mikono mirefu na kofia yanasaidia kuliko kupaka losheni kila saa. Mama mkwe kama anapata kichefuchefu akae katikati ya boti kwa nyuma, aangalie mbali kwenye upeo, asubuhi ale kitu kikavu kama mkate au mihogo, asipande na tumbo tupu wala na supu ya pweza.

Bado swali moja hujaniuliza ila yule wa miaka 13 ataliuliza: je tukiwa tunaogelea pomboo wakija wenyewe? Inatokea. Mimi katika miaka yote hiyo imenitokea mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimeinama naangalia majani ya baharini na miwani, nikasikia kwenye maji sauti kama mlango wenye bawaba kavu unafunguliwa mbali, kisha vile vibofyo vyao vya haraka haraka, nikainua macho wapo watano, mmoja akageuka ubavu akaniangalia kwa jicho moja, mimi nimekunja mikono kifuani sitikisiki, wakapita. Labda sekunde kumi na tano. Basi mwambie hivo hivo, asiwafuate, asinyooshe mkono, akunje mikono kifuani aelee tu mpaka wapite, na fanyeni mazoezi hayo kwenye maji ya kifua siku ya kwanza mkifika ufukwe wa Shangani hapo mjini Mtwara, kabla hamjaenda popote na boti.